Mdomoni mwa Kisima

Katika kazi yetu ya kuchimba visima, mkubwa wa kazi hakuwa akishuka. Mahali pake palikuwa mdomoni. Yeye ndiye aliyekagua kuta, aliyeamua nani ashuke na apande lini, na ndiye aliyeshika kamba ya mtu. Vikapu vya mchanga vilivutwa na yeyote, lakini kamba iliyofungwa kiunoni mwa binadamu haikupita mkono mwingine. Baba yangu aliishika miaka mingi, Lamu, Manda na visiwa vya kaskazini, mpaka macho yalipomfifia akanikabidhi mimi. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Sikuwa mchimbaji bora kati yetu. Aliye bora alikuwa shemegi yangu, mume wa dada yangu mkubwa.

Alikuwa mtu wa Siyu, mwembamba, mikono mirefu, na alipenda kuwa chini ya ardhi kama wengine wanavyopenda kukaa barazani. Alisema kule ndiko mahali pekee ambapo hakuna anayemwomba kitu. Alikuwa na mazoea ya kukohoa kikohozi kidogo kabla ya kusema neno, kana kwamba anabisha hodi. Nyumbani kwetu Mkomani, akirudi jioni, tulimtambua kwa kikohozi hicho akiwa bado kwenye ngazi. Kisimani pia. Ukisikia "hem" kutoka chini, ulijua neno linakuja: kikapu kimejaa, au mtaimbo umegota mwamba, au ameona dalili ya maji.

Maji ya visiwa vyetu yana masharti. Yale matamu hukaa juu ya yale ya chumvi, na ukichimba kupita kiasi unaharibu kisima kizima. Mtu aliye chini lazima ajue pa kuachia, na aliye juu lazima amwamini. Mimi na shemegi tulifanya kazi hivyo misimu kadhaa, bila maneno mengi. Sikujua kwamba ile ilikuwa raha.

Alikufa katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate, mwendo mfupi kutoka Mtangawanda. Ilikuwa asubuhi. Mchanga wa juu tulikuwa tumeuzuia kwa boriti za mikoko na makuti, nilizikagua moja moja kama nilivyofundishwa, na nilipozigonga zilitoa sauti nzuri. Jua lilipopanda nikamwita.

"Panda yuu, shemegi, tukale."

Akakohoa. "Kikapu kimoya tu, naya."

Watu hudhani kisima kikiporomoka hupiga kishindo. Hakikupiga. Ilikuwa kama mtu mkubwa amevuta pumzi. Kamba ikanivutika mkononi kidogo, kama samaki anavyouvuta mshipi, kisha ikatulia. Nikaangalia chini nikaona mchanga umelala sawasawa, safi, kama pwani maji yalipokupwa.

Kijiji kizima kilikuja na majembe na vyano vya mbao na mikono mitupu. Ilipokaribia alasiri tulimpata amesimama, mkono mmoja ameuinua juu. Tukamchimbua, tukamwosha, tukamsalia, na kabla jua halijazama tukamchimbia tena pahali pengine, mimi nikiwa ndani ya kaburi pamoja na mdogo wake, aliyekuja mbio kutoka Siyu. Wazee wa kijiji walinishika bega wakasema ni amri ya Mungu, na hakuna mtu mahali popote aliyenilaumu, siku ile wala baadaye. Boriti zangu walizikuta nzima. Ardhi ilikuwa imepita nyuma ya boriti.

Kesho yake nilivuka kurudi Lamu. Dada yangu alikuwa uani akichekecha unga. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini nilisahau kwamba kofia ya shemegi nimeishika mkononi. Aliitazama kofia. Akaendelea kuchekecha mpaka unga wote ukamalizika, akakung'uta chekeche, akaliweka chini taratibu, ndipo akakaa.

Akakaa eda nyumbani kwangu, chumba cha juu. Mimi nilikaa chini. Na siku zile za kwanza za eda ndipo nilipoanza kumsikia. Ilikuwa saa ya kutoka alasiri, wakati wake wa kurudi. "Hem," kwenye ngazi. Nikainuka, nikaenda kutazama, nikaona ngazi tupu na mwanga wa uani umelala juu ya vidato. Siku nyingine tena. Sikumwambia mtu. Mtu akianza kusema anasikia mfu, watu watamletea kombe la aya la kunywa na hawatampa tena kazi ya kushika maisha ya watu.

Tuliporudi kazini, kisima cha kwanza kilikuwa cha mwenye shamba mmoja nje ya mji. Tulikuwa kundi dogo. Alikuwepo ami, mzee wa kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba, aliyekuwa amevuta vikapu tangu enzi za baba. Hakuwa ami yangu wa damu, lakini sote tulimwita hivyo. Walikuwepo wachimbaji wawili. Mmoja wao alivua kanzu yake, akajifunga kikoi, akanisogelea nimfunge kamba. Nikaishika kamba, nikaona mikono yangu haitaki kupiga fundo.

"Leo nashuka mimi," nikasema.

Walitazamana. Ami akasema, "Na kamba ashike nani?"

"Shika wewe."

Nikashuka. Na siku iliyofuata nikashuka, na kisima kilichofuata pia, na kilichofuata hicho. Miezi ikapita hivyo. Nikajaza kuta kwa boriti hata palipokuwa na mwamba mtupu, ambapo boriti haina kazi ila kumbana mchimbaji. Nikawakataza walio juu wasisogee ukingoni. Nikiwa chini niliwaita majina yao, mmoja mmoja, waitike, mpaka wakachoka kuitika. Kazi ya wiki moja ikawa ya wiki tatu.

Na watu wakanisifu. Hilo ndilo linalonitia ubaridi hadi leo nikilikumbuka. Msikitini waliniashiria: huyu ndiye fundi asiyemtuma mtu pahali asipokwenda mwenyewe, huyu ndiye simba. Baba mwenyewe, macho yake mawili meupe, alinishika kichwa akaniombea dua. Kila mtu aliuita ushujaa, na mimi nikiwa na woga uliokuwa umenijaa mpaka kwenye kucha. Nilishuka kwa sababu nilikuwa siwezi kusimama juu. Chini ya kisima hapakuwa na mtu wa kupotea isipokuwa mimi, na hilo nililimudu.

Kisha kulikuwa na jambo jingine. Kule chini nilimsikia vizuri zaidi. Nilipouweka mtaimbo, katika ule ukimya wa kabla ya kikapu kushuka, kikohozi kilikuja upande wa nyuma yangu, karibu, kwa adabu. Mara ya kwanza nilipiga kelele wakanivuta. Baadaye nikazoea. Baadaye tena nikawa nakingoja.

Mmoja wa wachimbaji wetu aliondoka kwenda Mombasa. Aliniaga kwa heshima, akaniambia, "Fundi, mimi nilijifunza kuchimba. Sasa nimekuwa punda wa kubeba mchanga. Niwie radhi." Mahali pake pakachukuliwa na mdogo wa marehemu. Alikuja kwangu eda ya dada yangu ilipokwisha, mwanamume kamili, kifua kipana kuliko cha kaka yake, akasema anataka kazi ya nduguye. Sikuweza kumkataa. Nikampa kikapu. Kila asubuhi alijifunga kikoi tayari kwa kushuka, na kila asubuhi nilimpita nikashuka mimi.

Siku moja tulikuwa Matondoni. Watu wa kitongoji kimoja walikuwa wakijenga msikiti mdogo, na walitaka kisima cha kutawadhia kabla hawajaezeka. Tulipita mchanga, tukafika kwenye mwamba. Kwa mbali nilisikia nyundo za mafundi wa majahazi pwani, zikipiga pamoja kisha zikiachana. Bega langu la kulia lilikuwa limekufa ganzi tangu juzi yake na hewa ilikuwa nzito. Nikauegemeza mtaimbo ukutani nikakaa kupumzika.

Ilikuwa baridi nzuri. Juu niliona duara la mbingu, dogo kama sahani. Kikohozi kikaja. Nikasema, kwa sauti, "Karibu." Sikuwa nimezimia wala sikuwa naota. Nilikaa tu, mgongo wangu kwenye jiwe, nikiwa na raha ambayo sikuwa nimeipata tangu Mtangawanda. Nikamsikia ami akiniita. Nikamsikia tena. Niliisikia hofu katika sauti yake, na nilijua kwamba neno moja langu lingeiondoa, na sikuona haja ya kulitoa.

Kamba ikanibana kiunoni. Wakanivuta kwa nguvu, nikigongana na boriti zangu mwenyewe, mpaka nikafika juu nimechubuka mabega. Walinilaza kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti wakanimwagia maji. Ami alichuchumaa kando yangu, kamba ingali mkononi mwake.

"Ulikuwa wasikia?" akaniuliza.

"Nilikuwa nasikia."

"Na hukuitika."

Akajifuta uso kwa kilemba chake. "Mwanangu, mimi nimekushikia kamba muda wote huu nikidhani waogopa kutupoteza sisi. Kumbe waogopa kubaki. Wataka uwe wa kwanza kwenda, ili asiwepo wa kukuachia msiba. Na sisi tulio yuu hatuna roho?"

Mdogo wa marehemu alikuwa amesimama kando na kikapu chake. Hakuwa msemaji. Akakiweka kikapu chini.

"Fundi, umeniweka eda," akasema. "Ya dada yako imekwisha. Yangu mimi haiishi. Ndugu yangu alikuwa mchimbaji wa visima, watu walimjua kuanzia Siyu hadi hapa. Mimi wanijua kwa lipi? Kwamba sikufa?"

Kisha akaenda zake pwani, akatuacha.

Ilikuwa Alhamisi. Nikaazima punda nikarudi mjini, nikipita njia ya ndani kati ya mashamba ya minazi. Punda alinitambua kuwa mtu asiye na haraka, akaenda apendavyo. Nilifika baada ya alasiri, nikapanda kwa dada.

Alikuwa dirishani, anashona kofia. Tangu atoke eda ameshika kazi ile, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya mtu asiyefikiri. Nikamsimulia yote, na kwa mara ya kwanza nikamsimulia na kikohozi.

Sindano ikasimama. "Nawe wamsikia?"

"Nawe?"

"Kila siku. Hapo ngazini." Alisema kama mtu anayetaja jirani. "Mimi siogopi, kaka. Naogopa siku nitakayoacha kumsikia. Lakini simwambii aingie. Namsikia, namwombea rehema, naendelea na kofia yangu. Wewe umemwambia karibu?"

Nikainamisha kichwa.

"Astaghfirullah," akasema, polepole. Akashona kidogo. Halafu akasema, "Watu huniambia kaka yako ashuka mwenyewe kwa ajili yako, hataki ufiwe tena. Hujawaambia sivyo."

"Nilidhani ndivyo."

"Basi usidhani tena. Mimi niliolewa na mtu aliyetoka mlango ule kila asubuhi akiwa na furaha, kwa sababu alikuwa aenda kwenye kazi aliyoijua, na juu yake palikuwa na mtu aliyemwamini. Lau ungemzuia ungenirudishia mume mzima, lakini hangekuwa yule. Na mdogo wake umemzuia. Yeye yuko hai, na kila nikimwona naona mtu aliyefiwa mara mbili."

Nikamwuliza swali ambalo sikuwahi kuthubutu kumwuliza mtu. "Na nikimshusha, asirudi?"

Chini barabarani alipita mwuza maji akipiga kelele kumfukuza mbuzi.

"Utakuja hapa na kofia yake," akasema. "Utanikuta, nitakaa nawe. Kama nilivyokaa mara ile. Huna jingine la kuahidiwa, na mimi sina."

Jumamosi nikarudi Matondoni. Mdogo wa marehemu alikuwa ameshafika kabla yangu, na hakuwa amejifunga kikoi. Alikuwa amevaa nguo zake za kawaida. Nikamwambia, "Jifunge." Akanitazama kama haelewi. Nikarudia.

Kwanza tukatoa boriti zote nilizoziweka mwambani kwa woga, tukaacha za mchanga tu. Nikateremsha taa kupima hewa, nikaingoja, ikawaka bila kufifia. Nikapitisha mkono kwenye ukuta wote nilioufikia. Nilifanya kila kitu nilichofundishwa na baba, na nilipomaliza nikajua kwamba hicho ndicho chote kilichopo. Mengine hayako mikononi mwa mtu. Nikamfunga kamba kiunoni, na mikono yangu ikapiga fundo. Ami akasoma Fatiha. Mdogo wa marehemu akashuka.

Kichwa chake kikapungua, kikawa kidogo, kikaingia gizani. Nikaishika kamba. Nikangoja nisikie mtaimbo. Sikusikia kitu. Nikaanza kuona mchanga ule wa Pate, ule uliolala sawasawa. Jasho lilinichuruzika machoni nami sikuthubutu kuachia mkono mmoja nijifute.

"Fundi," ami akaninong'oneza, "legeza."

"Nini?"

"Legeza kamba. Umembana, hawezi hata kuinama."

Nikatazama mikono yangu. Kamba ya makumbi ilikuwa imekazwa wima kama nguzo, na kule chini mtu wa watu alikuwa ananing'inia kwenye vidole vya miguu yake, haya zinamzuia kusema. Nikalegeza. Ilinichukua nguvu kuliko kuvuta. Kamba ikashuka, na papo hapo mtaimbo ukalia juu ya mwamba, tena na tena, kwa pigo zito lisilofanana na la kaka yake. Mlio mwingine kabisa. Nikausikiliza kama mtu anayejifunza lugha.

Akaendelea mpaka jua likawa la utosi. Vikapu vya vipande vya mwamba vilipanda. Kisha mlio ukabadilika, ukawa butu, kisha ukakoma. Nikaita. Kimya. Nikaita tena, na ami akanitupia jicho, na kila kilichokuwa mwilini mwangu kikaniambia nivute, nivute sasa. Sikuvuta. Sijui niliweza vipi. Nilihisi kamba kwa vidole, taratibu, kama mtu anavyompima mgonjwa mshipa, na kwenye kamba nilimhisi anapumua, anatikisika kidogo, yu mzima.

Halafu sauti ikapanda, na ndani yake mna kicheko: "Mai! Nilikuwa nanywa, fundi!"

"Ya namna gani?"

"Matamu! Yana chumvi kidogo mwishoni, kama machozi."

"Basi usiguse tena. Panda."

Akapanda. Alipotokeza uso wake ulikuwa na matope mpaka kwenye kope, na alikuwa anacheka, na watu wa kitongoji wakamzunguka wakimpigia vigelegele. Mimi nikaenda nyuma ya ukuta wa msikiti nikatapika. Ami akanifuata, akasimama amenipa mgongo, akinisitiri watu wasinione.

Ningependa kusema kwamba woga uliishia pale. Haukuishia. Miaka yote iliyofuata, kila nilipomfunga mtu kamba, nililijaribu fundo mara tatu kabla ya kumwachia. Mmoja alivunjika mguu Manda, na mwingine alipandishwa hana fahamu kwa hewa mbaya, akazinduka baada ya muda mrefu sana. Nilibaki mdomoni mara zote. Nilipotaka kuita nilingoja kwanza nijiulize kama ni kisima kinachonituma au ni woga wangu. Yule aliyeondoka kwenda Mombasa alisikia kwamba wachimbaji wanashuka tena, akarudi. Nami tangu siku ile ya Matondoni sikushuka tena, na kikohozi cha kisimani sikukisikia tena. Nilikisikia nyumbani tu, na pale pia kikawa kinapungua. Dada aliolewa upya na mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mpole, akahamia kwake. Siku ya kuondoka alisimama ngazini muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa mtu wa kushuka ngazi.

Miaka ile ya hamsini ilipokuwa inaishia, mdogo wa marehemu aliniomba ruhusa ya kuunda kundi lake mwenyewe upande wa Faza. Alikuwa fundi kamili. Alitaka kuwa yeye wa kushika kamba. Nikamwambia yote niliyojua kuhusu mchanga wa kule, nikayarudia, mpaka akanishika mkono akasema, "Fundi, nimesikia."

Siku aliyoanza kisima chake cha kwanza niliijua, kwa sababu nahodha mmoja aliniambia. Ningeweza kwenda. Chombo kilikuwepo. Asubuhi ile nikakaa barazani kwangu Mkomani, nikanunua mkate wa mofa kwa mama apitaye, ungali moto, na kahawa. Huko kaskazini alikuwepo mtu ameshuka, na mwingine ameshika kamba, na mimi sikujua kuta zikoje wala kama taa imewaka. Mikono yangu ilikuwa inataka kufanya kitu. Nikaupasua mkate nikaula, wote, kipande kwa kipande, na baadaye jirani yangu akatoka akanikuta pale, akaniuliza mbona leo sikwenda kazini. Nikamwambia leo kazi iko kwa mwingine. Akakaa, nikamimina kahawa katika kikombe cha pili.